Marundo ya Kilima cha Ngamia

Jumatatu, Machi 10

Mawingu yalitoka upande wa Meru asubuhi, yakafika juu ya laga, mto wetu mkavu wa mchanga, yakasimama kama watu waliosahau walichofuata, kisha yakarudi. Aule aliyatazama akiwa mlangoni. "Hao ni wageni tu," akasema, akaingia ndani kupika chai ya rangi.

Nimehamia kwake hapa Oldonyiro tangu wiki jana. Aule ni binti wa mjomba wangu, mjane, tena hatupishani sana kwa umri. Nyumba yangu ya Isiolo mjini imekuwa kubwa mno tangu mke wangu Kinanu afariki mwezi wa kumi na mbili. Nilimzika kwao Meru, kwa kuwa ndugu zake waliomba, nami nina ploti ya mjini isiyotosha hata shimo la taka. Kaburi wamelijengea vigae. Nikilikumbuka naona sakafu ya benki.

Niandike kilichonileta. Nyuma ya kijiji kuna Kilima cha Ngamia, chenye nundu mbili. Si kirefu, mtu wa Meru angekiita kichuguu. Lakini katika nchi tambarare kilima kidogo hufanya kazi ya mlima: hukamata umande, huzuia upepo, hutunza miti. Kati ya nundu hizo pana bonde lenye msitu mdogo wa mizeituni mwitu na mitarakwa, na chini ya mizizi yake kuna chemchemi ambayo hakuna aliye hai aliyeiona imekauka. Juu hakuna miti, ni vichaka vifupi vya kijivu vya leleshwa tu, na ukipita katikati yake nguo zako hunukia kama dawa ya kifua.

Kampuni moja ya kokoto inakitaka kilima hiki. Mzee Lowoi, mwenyekiti wa kamati ya kilima, ameambiwa kwamba kikionekana kinatumika, na wageni wa kutembea pamoja na wenyeji, hakitatolewa. Ndiyo maana nimeitwa nichore njia. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote. Kazi hii naijua.

Jumatano, Machi 12

Nimepanda na fimbo. Magoti yanalalamika wakati wa kushuka, si wa kupanda. Watu hudhani ni kinyume chake.

Njia ya kwanza itaanzia kwenye laga, ipite msituni hadi chemchemi. Ya pili itatoka hapo, ipande nundu ya kusini na kuzunguka ukingoni, mahali ambapo mtu anaiona nchi yote hadi inapopotelea kwenye vumbi. Tayari pana vijia vya mbuzi na vya akina mama wanaoteka maji. Mtu mwenye busara hachori njia mpya. Hufuata miguu iliyotangulia.

Jumamosi, Machi 15

Joto. Hakuna mvua.

Jumatano, Machi 19

Leo nimeanza kuweka alama. Lowoi alitaka rangi. Nikamweleza kwamba rangi huliwa na jua, na kibao cha mbao kitakuwa kuni kabla ya Jumapili. Nikamweleza pia kwamba kule juu ya Mlima Kenya, mahali ambapo miti huisha na ukungu hushuka ghafla, waongozaji hupanga mawe kwa marundo, na kila rundo huonekana ukiwa umesimama kwenye rundo lililotangulia. Niliwapeleka wanafunzi wangu kule mara nyingi. Hakuna aliyepotea.

Lowoi alisikiliza akijikuna kidevu. "Marundo," akasema.

"Marundo. Ya kufika gotini."

"Sawa. Wewe ndiye mwalimu."

Nimepanga mwenyewe, bila msaidizi, kwa sababu napenda kuchagua mawe. La chini liwe pana, la juu liwe jeupe. Nililolipenda zaidi liko karibu na chemchemi, chini ya mzeituni ulioinama.

Jumatatu, Machi 24

Jambo la kufurahisha, la kwanza tangu Desemba. Nimepita njia ya msituni na nimekuta marundo yamekua! Watu wameongeza mawe. Juu ya kadhaa wameweka vijiti vyenye majani mabichi, vimelazwa kwa uangalifu, kama mtu anavyomlaza mtoto. Kumbe wenyeji wameipokea njia. Nilikaa chini ya mzeituni nikatamani kumsimulia Kinanu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia kwamba nikieleza jambo vizuri watu wataelewa, ila nipunguze mifano.

Jumapili, Machi 30

Kanisani watu wamenisalimu kwa upole usio wa kawaida. Mama mmoja alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole, Mwalimu. Mungu anaona," akaenda zake. Nimeshukuru. Mtu aliyefiwa husalimiwa hivyo kwa muda, ingawa nilidhani wakati huo umeshapita.

Ijumaa, Aprili 4

Mawingu tena. Yamerudi tena.

Jumatano, Aprili 9

Njia ya pili imekamilika. Nimetembea ukingo wote wa kusini bila kukutana na mtu wala mbuzi. Zamani mbuzi walikuwa hapa kila siku wakitafuna ncha za vichaka. Nadhani wachungaji wamehama kutafuta malisho, na siwalaumu.

Aule naye ameacha kuteka maji chemchemini. Anakwenda kwenye kisima cha mashine, mbali kule ng'ambo ya soko, anapanga foleni chini ya jua na kurudi na mtungi mgongoni, shingo imekaza kwa kamba. Nilimweleza kwamba chemchemi ni karibu zaidi, tena njia sasa imenyooka.

"Najua," akasema.

"Basi kwa nini?"

"Miguu yangu inataka kutembea."

"Aule, wewe unalia miguu kila jioni."

"Hiyo ya jioni ni ingine," akasema, akanipa chakula.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Padri aliomba mvua, tukaitikia. Nyasi za uwanja wa kanisa zimekuwa rangi ya gunia.

Jumatano, Aprili 23

Siku niliyoingoja, na sijui niiandikeje.

Gitobu alifika asubuhi. Nilimfundisha Meru, sasa ni ofisa wa kaunti, na ripoti yake juu ya matumizi ya kilima ndiyo itakayosomwa. Alikuja na viatu vizuri na kofia pana, akanishikilia mkono kila mahali penye mteremko, kana kwamba ndiye mwalimu. Njia ilimpendeza. Alipiga picha mitarakwa, alinusa leleshwa, na kule juu ukingoni akapiga picha nchi yote. Nikamweleza historia ya miamba. Akaandika.

Tulipokuwa tukishuka akauliza, "Mwalimu, watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wale wanaotumia. Sijaona nyayo. Sijaona hata mavi ya mbuzi mapya. Hata chemchemi, angalia, matope ya ukingoni hayajakanyagwa."

Nikaangalia. Matope yalikuwa laini kama karatasi. Pale ambapo mwezi uliopita palikuwa na miguu ya wanawake na kwato za mbuzi, palikuwa na alama za ndege tu.

"Ni ukame," nikasema.

"Ukame ndio ungewaleta hapa kwenye maji, Mwalimu." Alisema kwa heshima, akiangalia viatu vyake. "Nisamehe. Mimi naandika nilichoona. Wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha hivyo."

Nikamsindikiza hadi kwenye gari. Alinipa maji ya chupa niondoke nayo.

Alhamisi, Aprili 24

Asubuhi Aule alianguka kwenye foleni ya kisima. Wanawake wawili walimleta wakimshika makwapani, mtungi wake mtupu umening'inia mkononi mwa mmoja wao. Alipoweza kukaa na kunywa uji, nikamwuliza tena, na safari hii sikukubali maneno ya miguu.

"Mwalimu, mimi sitaki kukuumiza," akasema.

"Niumize."

"Nani anaweza kuteka maji katikati ya makaburi?"

Nikadhani joto limempanda kichwani. "Makaburi gani?"

"Si ni yale yako."

Naandika haya polepole, kwa sababu nataka nijione vizuri. Huku, kwetu Waturkana na kwa majirani wetu Wasamburu, mzee wa heshima hulazwa chini na kufunikwa rundo la mawe, na kila apitaye huongeza jiwe, au akiwa na jani bichi huliweka juu, kisha huenda zake bila kuzungumza. Nalijua hilo. Nimewahi kulieleza darasani, ubaoni, kwa chaki. Lakini mimi nilizaliwa mjini, baba yangu alikuja Isiolo kwa kazi ya barabara, nikakulia bwenini, na kilimani nilipanda nikiwa na Mlima Kenya kichwani. Niliyaona majani mabichi kwa macho yangu nikayaita makaribisho.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikamwuliza.

"Nikuulize nini? Mtu amefiwa na mke. Anakuja kwetu, anapanda kilima peke yake, hataki msaidizi, anachagua jiwe moja moja, anatengeneza kaburi. Halafu ingine. Halafu ingine. Sisi tukasema, aa, huyu uchungu wake umekuwa mwingi, wacha tu. Mtu haulizwi kaburi."

"Ukadhani ni ya Kinanu? Yote?"

"Mimi nilijua moja ni yake. Lile la mzeituni." Alikung'uta kikombe. "Sikuja Meru kumzika. Gari ilijaa, nikaambiwa baki. Kwa hivyo nilimwekea jani pale. Wengine walisema hizo zingine umezika ugonjwa. Wakatoa mbuzi zao huko."

Nikachukua kikombe nikakiosha, ingawa kilikuwa safi.

Jumamosi, Aprili 26

Nimemwendea Lowoi nikamwambia nitayabomoa marundo leo leo, kwa mikono hii.

"Hapana," akasema.

"Lakini hayana kitu."

"Mwalimu, watu wameweka majani. Wameongeza mawe. Sasa wewe uende ubomoe mchana, mama zetu wakiona? Watasema umechimbua wafu. Hata mimi sitakaa nyumba moja na mtu aliyebomoa kaburi."

"Mzee Lowoi, wewe unajua si makaburi."

"Mimi najua. Mawe haijui." Akacheka kidogo, kisha akaniinamia. "Tena nikwambie. Ile kampuni ilileta dereva wa tingatinga juzi aangalie pa kupandia. Ni kijana wa Barsaloi, Msamburu. Aliona rundo la kwanza, akaona la pili, akageuza gari. Amekataa kazi. Na mkubwa wao ameambiwa mambo ya makaburi ni kesi ndefu. Ripoti ya yule kijana wako imetuharibia, lakini hizi mawe zako bado zinatushikia kilima. Kwa hivyo nyamaza tu. Mtu akikuuliza, kohoa."

Nimerudi nikiwa na furaha nisiyoiamini. Nimemkuta Aule amelala ameelekea ukutani, miguu imevimba, mtungi umekauka. Akina mama walio na nguvu kuliko yeye wanakwenda kisimani na kurudi, na wengine sasa wanakwenda na watoto wamewabeba. Ng'ombe wa jirani amekufa njiani. Chemchemi imejaa, inang'aa, hakuna anayeigusa.

Jumanne, Aprili 29

Nimekohoa. Watatu wameniuliza, nimekohoa mara tatu.

Ijumaa, Mei 2

Nilisimama barazani.

Chifu aliliitisha kwa ajili ya chakula cha msaada, na watu wote walikuwepo, wamekaa kwenye ukanda wa kivuli cha ukuta wa shule, wakisogea kadiri kivuli kilivyosogea. Aule alibebwa kwa pikipiki. Nilipomwona anashushwa kama gunia, nikanyoosha mkono. Lowoi alinitazama kutoka mbele, akatikisa kichwa. Nikasimama tu.

"Ndugu zangu," nikasema, "nataka kuwaeleza kwa utaratibu."

Na nikaeleza. Nikawaambia juu ya ukungu wa Mlima Kenya na waongozaji. Nikawaambia jinsi rundo moja linavyoonekana kutoka kwa lingine. Nikawaambia kwamba mke wangu amelala Meru, chini ya vigae, na kwamba kilimani hakuna mfupa hata mmoja, wala wa mtu wala wa ugonjwa, ni mawe tu niliyoyapanga mimi kwa kutokufikiri, na nikaomba radhi. Nikarudia kwa Kiturkana kwa ajili ya wazee. Nikatoa mfano wa mchungaji anayeweka jiwe kwenye tawi ili akumbuke njia. Mama mmoja alianza kucheka kwa kujifunika shuka, kisha mwingine, na kicheko kikazunguka baraza lote. Mzee mmoja akapaza sauti, "Kwa hivyo mimi nimesalimia jiwe mwezi mzima!" Hata mimi nikacheka.

Nyuma kabisa, chini ya dirisha, palikuwa na kijana mwenye koti la kung'aa, lile la wajenzi, ameinua simu yake. Alinirekodi mwanzo hadi mwisho. Nilidhani amependa maelezo.

Alipopita karibu nami akaniambia, "Asante sana, Mwalimu. Umetusaidia."

Lowoi hakunisalimu.

Jumatatu, Mei 5

Wanawake wamerudi chemchemini. Nimewasikia wakiimba kuanzia alfajiri. Aule amekunywa maji ya kilima, akasema yana utamu wake. Mbuzi wako juu ukingoni tena, nyayo kila mahali. Nimeandika barua kwa Gitobu aje aone.

Jumanne, Mei 13

Gitobu amejibu kwa simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama nje ya mlango. "Mwalimu, ile faili imefungwa. Walikuwa wamesimamisha kwa sababu ya makaburi tu. Kampuni ikaleta rekodi yako."

Nikamwuliza kama inaweza kufunguliwa.

"Nitauliza," akasema. Nilimfundisha miaka minne. Najua akisema hivyo maana yake ni nini.

Jumamosi, Mei 17

Joto. Watu hawacheki tena wanaponiona.

Jumanne, Mei 20

Tingatinga limekuja na dereva mwingine, mtu wa mbali asiyejua lugha yoyote ya huku. Lilipita kwenye laga, likaingia msituni kwa njia ile ile niliyoichora. Lazima nikiri kwamba ni njia nzuri; haina mteremko mkali, inafuata kontua, yaani usawa wa kilima. Kila rundo lililiongoza hadi rundo lililofuata.

Tulipanda nyuma yake, wanaume wachache na wanawake wengi. Lowoi alikuja lakini alisimama mbali nami. Mitarakwa ilikuwa ikiangukia upande mmoja, na harufu yake ilijaa bonde kama siku ambayo fundi anaranda mbao za jeneza.

Karibu na chemchemi Aule alitutangulia. Sijui miguu ile aliitoa wapi. Alikwenda akasimama mbele ya rundo la mzeituni, fimbo mkononi, na dereva akasimamisha mashine.

Msimamizi, yule yule wa koti la kung'aa, akamjia. Hakuwa na ukali. "Mama, tafadhali toka hapo. Utaumia."

"Hapa kuna mtu," Aule akasema.

"Mtu gani, mama?"

"Mke wa ndugu yangu. Anaitwa Kinanu."

"Mama, hii tulishaambiwa ni mawe tu."

"Muulize mwenyewe." Aule akanigeukia. Kila mtu akanigeukia. "Mwalimu, mwambie."

Sijawahi kusema uongo mbele ya watu, angalau si kwa kukusudia. Nilivua kofia. "Yupo," nikasema. "Mke wangu yupo hapo."

Msimamizi hakubishana. Alitoa simu, akatafuta kidogo kwa kidole, akaiinua juu, na sauti yangu ikatoka. *Ndugu zangu, nataka kuwaeleza kwa utaratibu.* Ilikuwa sauti nzuri, tulivu, ya darasani, yenye kikohozi kidogo kabla ya kila jambo muhimu. Ikaeleza ukungu. Ikaeleza vigae. *Hakuna mfupa hata mmoja*, ikasema, kisha ikarudia kwa Kiturkana, ili hata wazee waelewe.

Aule alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa, kama mtu anavyomsikiliza mwalimu. Msimamizi alipozima simu, akajikokota pembeni. Kabla hajatoka aliinama akachukua jiwe la juu, lile jeupe, akalifunga kwenye shuka yake.

Sikungoja kuona mzeituni ukianguka.

Ijumaa, Mei 23

Malori.

Jumatano, Mei 28

Wiki hii wametangaza redioni kwamba masika yamekwisha. Kwetu hayakuanza. Chemchemi ipo bado chini ya kifusi, kwa sababu maji hayafi upesi, lakini yanatoka meupe kwa vumbi la kokoto, na wanawake wanayaacha yatue kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyachemsha. Wengi wamerudi kwenye foleni ya kisima. Nimeanza kwenda mimi badala ya Aule. Wananiachia nafasi mbele, bila kunisemesha, na ningependa zaidi wanitukane.

Nimefungasha sanduku. Kesho kutwa kuna gari la kwenda mjini. Nilipomwambia Aule alisema, "Sawa," akaendelea kupepeta mahindi.

Jiwe lile jeupe ameliweka nje, kando ya mlango, pale ambapo kivuli cha asubuhi huanzia. Hajaniambia kitu juu yake, nami sijauliza. Leo nilipotoka kunawa uso nimekuta juu yake jani bichi la mzeituni, limelazwa vizuri, bado lina umande. Kilimani haujabaki mzeituni hata mmoja. Nimesimama pale na maji yakinidondoka kidevuni, nikitazama nyayo za Aule vumbini zikitoka mbali sana, upande wa jua.